Namna ya Kumchelewesha Shujaa

Kuna njia nyingi za kugombana na marafiki watano kwa mara moja. Unaweza kuwakopa. Unaweza kugombea udiwani kwenye kata yao. Njia ya bei nafuu kuliko zote ni kukalia kiti cha msimulizi katika mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa, halafu Jumamosi baada ya Jumamosi ukawanyima kupanda ngazi. Kiti hicho nimekikalia miaka minne hapa Hamugembe, Bukoba, nyuma ya kibanda changu cha spea za pikipiki, na watu bado wanakuja. Wengine hata wananisalimia.

Kwa asiyeujua mchezo: hauna ubao wala mshindi. Kila mchezaji ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, nguvu zake, akili zake, silaha zake na madeni yake. Msimulizi anasema, "Mtumbwi umefika Musira, jua limezama, na yule aliyeahidi kuwapokea hayupo." Wachezaji wanasema wanafanya nini. Penye ubishi, kete huamua. Mkubwa wa michezo hii, Dungeons & Dragons, ulitolewa mwaka 1974 na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Gygax alikuwa mkazi wa Lake Geneva, Wisconsin, mji mdogo wa kando ya ziwa kama wetu, ila kule naamini hawatafuni kahawa. Kila mhusika anaanzia ngazi ya kwanza, ambako panya mwenye hasira anaweza kumzika, na akijaliwa atafika ya 20, ambako anaongea na miungu kama anaongea na shemeji yake. Swali ni apande lini. Jibu utakalokuwa unalitoa, kwa sauti ya upole, ni hili: si leo.

Mezani kwangu wako watano. Mwalimu wa sekondari, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri. Muuguzi. Fundi simu. Na ndugu wawili wanaolima vanila Kamachumu, dada na mdogo wake wa kiume, ambao hupanda Hiace kutoka Muleba asubuhi na kulala kwa shangazi yao Kashai.

Kete yetu ya kwanza haikuwa kete. Mchezo unataka kete ya nyuso 20, na kabla fundi simu hajaagiza moja Kampala ikapitishwa Mutukula ndani ya soksi, tulichukua punje 20 za kahawa ya kutafuna, zile zilizochemshwa na maganda yake na kukaushwa, tukazichora namba kwa sindano na kuzitia kwenye kopo la Blue Band. Unatikisa, unafumba macho, unachomoa moja. Ishirini ndiyo bahati kuu. Wiki ya tatu mzee jirani alipita kutusalimu. Tukampa kiti, naye kwa haki yote ya mgeni akanyoosha mkono kwenye kopo, akachukua punje moja na kuitupia mdomoni. Ilikuwa ile ya 20. Tulimtazama akiitafuna taratibu, shavu la kushoto, shavu la kulia. Mwalimu alimeza mate. Nani amwambie mzee ateme? "Inanukia, waitu," akasema, akaaga. Nilikataa kuchora punje mpya. Kwa wiki saba hakuna shujaa aliyepata bahati kuu, na hapo ndipo wachezaji wangu walipoanza kunifahamu mimi ni mtu wa namna gani.

Lakini kwa ngazi sikuzaliwa bahili. Kisa chetu cha kwanza nilikiendesha kwa ukarimu, kila mkipambana mnapanda, na kikafa baada ya miezi minane mashujaa wakiwa ngazi ya 11. Nitaeleza kilivyokufa, maana ndiko ulikotoka mwongozo huu. Kwanza jedwali.

Toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, linadai pointi 300 kufika ngazi ya pili, 900 ya tatu, 2,700 ya nne, 6,500 ya tano, na kule mwisho 355,000 kwa ngazi ya 20. Ukilitazama kwa haraka utadhani ni mlima unaozidi kuwa mkali. Kumbe adui mkubwa analipa zaidi, na zile ngazi mbili za mwanzo zimewekwa zipite upesi, kama chai na maandazi kabla ya mkutano, ili wajumbe wasiondoke kabla ya ajenda. Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilikuwa wazi zaidi: mapambano 13 hivi ya saizi yako, ngazi moja. Zamani zaidi pointi nyingi zilitokana na dhahabu. Kila sarafu ya dhahabu uliyoitoa pangoni ukafika nayo nyumbani ilikuwa pointi moja. Nilipowasimulia hilo wale wa Kamachumu hawakushangaa hata kidogo. Kwao aliyeuza kahawa vizuri huhesabiwa mwenye busara mpaka msimu unaofuata.

Mwalimu alichukua kalamu akapiga hesabu ya mapambano 13. Ngazi 19 za kupanda, mapambano 250 hivi, mawili kila Jumamosi. Miaka miwili na nusu. Akavua miwani. "Mdogo wangu," akaniambia, "miaka miwili na nusu kutoka kuuawa na panya mpaka kuongea na miungu? Mimi daraja moja tu nimelisubiri zaidi ya hivyo."

Alikuwa na haki ya kusema. Mwaka 2016 upandishaji wa madaraja ulisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi, na yeye alikuwa miongoni mwa waliobaki wamesimama kwenye ngazi mguu mmoja hewani. Mtu wa namna hiyo mezani ni hazina. Lugha yote ya kuchelewesha nimejifunza kwake, na nakushauri uitumie ilivyo. Mchezaji akiuliza pointi zake, usiseme hapana. Hapana ina mlango wa kubishania. Sema faili lake linashughulikiwa. Akirudi wiki ijayo, mwambie limeonekana lakini lina kasoro ndogo. Akidai ameua mamba wawili, fungua zoezi la uhakiki: ngozi ziko wapi, nani aliziona, mbona kwenye karatasi yako panasomeka mamba mmoja na mwingine umeandikwa kwa wino tofauti? Fundi simu alipoteza pointi 200 kwa wino. Aliomba kukata rufaa, nikamuundia kamati. Mwenyekiti nilikuwa mimi.

Sasa nieleze kwa nini.

Kisa chetu, cha kwanza na hiki cha sasa, nimekitoa kwenye simulizi la Wahaya la Wamara, mkuu wa Wachwezi. Alishuka kuzimu kwa Kintu pamoja na wenzake, Mugasha na Irungu wakiwemo, wakapewa ng'ombe na mbegu, wakarudi juu ya nchi wakasahau kushukuru. Kintu akamtuma Rufu, yaani kifo, afuatilie. Mashujaa wangu wametumwa kulipa deni hilo kabla mdai hajamaliza watu. Ni kazi ya miguu: Kemondo, Muhutwe, Kamachumu, Muleba, halafu mtumbwi kwenda Bumbire na Goziba, huku Mugasha, bwana wa ziwa na dhoruba, akiwa hajaamua yuko upande gani.

Mara ya kwanza kwenda Goziba, mashujaa wakiwa ngazi ya tatu, tulitumia Jumamosi tatu. Ya kwanza yote iliisha kwa kutafuta mwenye mtumbwi. Ya pili upepo uligeuka, Mugasha akataka kitu, wakabishana mpaka saa mbili usiku wampe nini. Muuguzi akatoa mbuzi wake wa pekee. Fundi simu akatoa ahadi. Ya tatu walifika wamelowa, wana njaa, na mvuvi aliyewapa samaki alikuwa na jambo la kuwaambia juu ya mtu anayeuliza njia usiku.

Halafu wakapanda. Kwenye ngazi ya tano mchawi anaweza kujifunza kuruka, na mtumbwi ukafa. Ngazi hiyohiyo mtu wa dini anapata uwezo wa kutengeneza chakula na maji kwa kuomba tu. Wachezaji walifurahi, mimi nilikuwa bado sijajua nimepoteza nini. Asiyehitaji chakula habishi hodi. Asipobisha hodi, hakuna mama anayetoka jikoni akiwa ameshika kisu cha kumenyea ndizi, hakuna kuulizwa wewe ni wa ukoo gani na mama yako ametokea wapi, hakuna kugundua kwamba nyie ni ndugu na kwa hiyo mtalala hapa, na usiku hakuna siri ya kunong'onezwa. Nilikuwa nimeandaa mama wa namna hiyo 14, kuanzia Muhutwe hadi Nshamba, kila mmoja na siri yake. Hawakubisha hata kwa mmoja. Ngazi ya tisa mchawi akajifunza kuchora duara la kuhamia mbali kwa hatua moja. Nikawaambia, haya, mnakwenda Goziba, mnajiandaaje?

"Tumefika," akasema fundi simu.

Kwenye vitabu inaandikwa kwamba shujaa anakua. Pale kibandani nilichoona ni wilaya nzima ya Muleba ikisinyaa mpaka ikaenea kwenye neno moja.

Lakini lililokiua kisa ni jambo jingine la ngazi ya tisa. Hapo mtu wa dini anaweza kumfufua maiti akiwa na almasi ya thamani ya sarafu 500 za dhahabu. Basi siku moja mwenzao alianguka vitani. Nikanyamaza, nikashusha taa kidogo ili lipatikane lile giza. Muuguzi akapekua karatasi yake. "Ngoja, nina almasi." Marehemu akaamka akauliza wamegawana nini akiwa hayupo. Tulicheza Jumamosi mbili zaidi, kisha kila mtu akawa na shughuli. Hakuna aliyetangaza kwamba tumeacha.

Katika kisa cha sasa, ambacho ngazi naitoa kwa kijiko cha chai, mhusika wa yule mdogo wa Kamachumu aliliwa na mamba ufukweni Kemondo akiwa ngazi ya tatu. Hakuna aliyekuwa na almasi. Jumamosi iliyofuata hatukupiga kete hata mara moja. Waliubeba mwili hadi kibanjani kwao, wakabishana azikwe kwenye migomba upande upi, nani atakirithi kibanja, lile panga la chuma ni la nani, na je, deni la ndizi alilodaiwa pale Muhutwe linahama na jina lake. Dada yake, ambaye mezani huwa anacheka kuliko wote, alisema mhusika wake anakaa nje na hazungumzi, na yeye mwenyewe hakuzungumza mpaka tukafunga. Mdogo wake alikuwa anakunywa soda kwa aibu, kama mtu aliyehudhuria matanga yake mwenyewe. Siku tatu baadaye alinitumia ujumbe kuuliza kama mhusika mpya anaweza kuwa mtoto wa marehemu. Ngazi ya kwanza. Hakuomba hata ya pili.

Anayeniona mchoyo nampeleka Katuruka, karibu na Maruku. Wenyeji wanasimulia kwamba mfalme Rugomora Mahe aliwaamuru wafua chuma wamjengee mnara wa chuma wa kufika mbinguni, akaone kulivyo. Ukapanda, ukapanda, ukaanguka. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba hapo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, akiongozwa na simulizi hilo, na akakuta mabaki ya uyeyushaji chuma ya zaidi ya miaka 2,000. Fikiria hesabu hiyo. Vizazi na vizazi vya watu wanaojifunza udongo gani wa kichuguu unavumilia moto na matete ya kinamasi yapangwe vipi tanuruni, halafu anatokea mmoja anayetaka kumaliza ngazi zote kabla ya msimu wa mvua. Kila mchezaji wangu nimemzungusha pale. Mwalimu alisema tatizo la Rugomora lilikuwa msingi mbaya, tena akanitazama mimi.

Usidhani ngazi ni lazima. Mchezo wa Traveller, wa mwaka 1977, ulimruhusu mhusika afe wakati bado unamwandika, kabla hata hajaanza kuchezwa, na akiokoka hapandi kitu cha maana tena. Mwalimu aliuliza kama waliouandika walikuwa watumishi. RuneQuest, wa mwaka 1978, haukuwa na ngazi kabisa. Ukifaulu kwa ujuzi fulani unautia alama. Mambo yakitulia unapiga kete, na ni lazima upate namba kubwa kuliko ujuzi ulionao ndipo uongezeke. Kadiri unavyojua ndivyo inavyokuwa vigumu kujua zaidi, na naliona hilo nyumbani: mimi nikimenya ndizi kila mara najifunza, hasa kuhusu vidole vyangu, ila mama yangu hajajifunza jipya katika kumenya tangu sijazaliwa. Sheria hiyo niliiba. Inakupa wiki nyingi za kuwafanya watu waone wamesogea hali bado wako walipo.

Kitu kingine cha kuwapa badala ya ngazi ni sifa, na katika hili msimulizi wa Bukoba amebarikiwa kuliko wa Wisconsin. Zamani askari wa Kihaya akirudi vitani alisimama mbele ya Omukama, mfalme wake, na kujigamba kwa maneno ya kishairi, akitaja aliyemwangusha na mahali alipomwangushia, ndiyo kwebuga. Nimeirudisha. Ukitoka vitani, unasimama, unashika fimbo ya ufagio, unajigamba. Kwa kundi la watu ambao nchi nzima inawatania kwa neno moja, nshomile, yaani msomi mwenye kujigamba, hii ni dawa ya kutibu kila njaa. Fundi simu alijigamba dakika 20 kamili juu ya pambano ambalo, kwa kumbukumbu zangu, alimkanyaga mbuzi wa mtu kwa bahati mbaya. Alipoketi alikuwa amelowa jasho na hakukumbuka kuuliza pointi. Nakadiria kila kwebuga moja inakununulia wiki sita.

Ukiona hiyo haitoshi, wakumbushe enanga. Habibu Selemani aliimba tenzi za mashujaa kwa ala hiyo ya nyuzi, na profesa M. M. Mulokozi aliyeandika habari zake hakutaja popote kwamba kuna msikilizaji aliyemkatiza kuuliza shujaa yuko ngazi ya ngapi. Hoja hiyo niliitoa mara moja tu. Muuguzi alinijibu kwamba Habibu Selemani alikuwa anaimba vizuri.

Anayenielewa ni dada wa vanila, au alikuwa ananielewa. Ua la vanila hufunguka siku moja tu, asubuhi, na huku kwetu usipolichavusha kwa mkono limekwenda. Baada ya hapo tunda linakaa miezi tisa hivi kwenye mmea mpaka likomae, na miezi hiyo yote unalinda, kwa sababu wezi hawasubiri na mkulima anayewaogopa wezi naye anavuna bichi. "Ukivuna mapema unapata kilo, kaka," aliwaambia wenzake siku moja waliponibana. "Harufu hupati." Wakanyamaza wote. Nilimpenda sana siku ile. Jioni wakati wa kuondoka akanivuta pembeni, karibu na zile ringi za pikipiki, akaniuliza kwa sauti ya chini kama yeye, kwa ile kazi ya kuwatuliza, hastahili walau nusu ngazi.

Hakuna nusu ngazi. Nilimwambia faili lake linashughulikiwa.

Mwisho walinishinda, na naliandika hilo hapa kwa ukamilifu wa mwongozo. Muuguzi alisema hawajali kungoja, wanachochoshwa nacho ni kungoja kisichokuwa na dalili. Mgonjwa, anasema, anavumilia foleni ndefu akiona namba inasogea. Tukajadiliana, tukakubaliana kalenda: ngazi zitapanda na senene. Mara mbili kwa mwaka, ule msimu mkubwa wa Novemba na Desemba, na ule mdogo baada ya masika kuanza. Senene wakishuka mji mzima unawaka taa, watu wanasimamisha mabati na mapipa, watoto hawalali, na meza yangu inapanda ngazi moja. Wasiposhuka, hatupandi. Niliukubali mpango huu haraka kuliko ilivyostahili, kwa sababu ulikuwa unamtoa lawamani msimulizi na kumwingiza mdudu.

Kwa mpango huo wamefika ngazi ya sita, na hakuna aliyechukua ule uwezo wa kuruka. Nilikuta wameufuta wenyewe kwenye karatasi, sikuuliza. Mwalimu amepata daraja lake, lile la kweli, na alikuja na kreti ya soda. Tulimshangilia. Aliponyanyua chupa akasema hana haraka tena na mtu yeyote, kisha akauliza leo ni tarehe ngapi.

Ilikuwa tarehe 29 Novemba. Wiki mbili hizi mvua inanyesha, na sasa mwezi ni mwembamba, hali inayotakiwa kabisa, na mpaka leo senene hawajaonekana Hamugembe. Kamachumu wanasema wameona wachache, lakini Kamachumu wana sababu za kusema hivyo. Jumamosi iliyopita saa tatu usiku niliinua kichwa kwenye daftari nikakuta viti vitano vitupu. Walikuwa nje. Fundi simu alikuwa ameshavuta waya kupitia dirishani, muuguzi ameegemeza bati jipya kwenye pipa la jirani, na mwalimu, na suti yake, alikuwa amesimama juu ya kreti akishikilia balbu.

"Zima ya ndani, mdogo wangu," aliniambia. "Inawachanganya."